Maji juu ya klima (kiyoyozi) mwezi wa kumi: jibu kwa mama mwenye duka la dawa

Swali, kwa kifupi: «Papa fundi, nina duka la dawa katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Klima yangu ni ya BTU 12,000. Mashine ya nje imefungwa nyuma, kwenye kiwanja kidogo chenye ukuta pande zote na mabati juu. Tangu mwezi wa tisa, kuanzia saa saba mchana haitoi baridi ya maana. Wakati mwingine inajizima yenyewe, inakaa, halafu inawaka tena. Ndani ya duka ninasoma nyuzi 30, na dawa zangu nyingi zimeandikwa zikae chini ya hapo. Jirani anaimwagia yake maji kwa mpira, anasema inapona palepale. Kijana mmoja naye amekuja kuniuzia nozeli sita, vile vichwa vya kunyunyizia maji, za kuunga kwenye bomba. Ninunue? Na maji hayataiharibu mashine?»

Mama, jirani yako hasemi uongo. Hapa kwetu, mwezi wa tisa na wa kumi, maji yanaweza kweli kuipunguzia klima mzigo, na nitakuonyesha kwa hesabu. Ila nozeli sita zilizoungwa kwenye bomba la kawaida hazitafanya kazi anayokuahidi yule kijana. Zitailowesha mashine mchana kutwa, zitaiachia chokaa, na baada ya misimu michache utajikuta unatafuta pesa ya mashine nyingine. Usinunue bado. Kuna mambo ya kushughulikia kwanza, na kwa jinsi ulivyokieleza kiwanja chako, naamini sehemu kubwa ya ugonjwa iko pale.

Klima inachukua joto lililomo ndani na kulitoa nje, hiyo ndiyo kazi yake yote. Mashine ya BTU 12,000 inaondoa ndani ya duka karibu kilowati 3.5 za joto. Kompresa, yaani pampu inayokandamiza gesi, inakula kama kilowati 1.1 za umeme, na umeme huo nao unaishia kuwa joto. Kwa hiyo ile mashine ya nje inatakiwa kutupa hewani kilowati 4.6 hivi muda wote inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Inavuta hewa kwa nyuma na ubavuni, inaipitisha kwenye koili (mabomba ya gesi yenye vibati vyembamba), halafu feni inaisukuma mbele ikiwa imebeba lile joto.

Ili joto litoke, gesi iliyomo ndani ya koili lazima iwe ya moto kuliko hewa inayoipita, kwa kawaida nyuzi 10 hadi 15 zaidi. Hewa ikiwa nyuzi 35, gesi itakuwa kwenye nyuzi 50 hivi, na kama ni gesi ya aina ya R410A presha yake itakuwa karibu bar 30. Mzigo huo mashine imeundwa kuubeba: nyuzi 35 nje ndicho kipimo ambacho viwanda hutumia wanapoandika uwezo wa klima za kawaida. Lakini koili ikizibwa na vumbi, au hewa inayoingia nyuma ikiwa tayari imepashwa moto, gesi inapanda hadi nyuzi 60 na presha inakaribia bar 38. Kompresa inalemewa, kinga yake inakata umeme, inapoa, inawaka tena. Ndicho unachokiona kila siku baada ya saa saba.

Kuna na gharama isiyoonekana. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye gesi ya koili ya nje, kompresa inakula umeme zaidi kwa asilimia 2 hadi 3, na baridi inayokupa inapungua kwa karibu asilimia 1. Nyuzi 10 za ziada ni robo ya umeme inayopotea hewani. Na sisi wa Lubumbashi tuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalihesabu. Mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Feni inazunguka kwa kasi ileile, lakini hewa inayoipitisha ina uzito mdogo, hivyo inabeba joto kidogo. Klima inayojiweza vizuri Matadi ina nafasi finyu zaidi ya kuvumilia uchafu ikiletwa huku.

Sasa, kabla ya maji.

Nunua kipimajoto cha kawaida, kile cha kutundika ukutani kinatosha. Saa nane mchana, klima ikiwa inafanya kazi kwa angalau nusu saa, kitundike kwanza barabarani mbele ya duka, kivulini, soma. Kisha kipeleke nyuma ya mashine ya nje, pale inapovuta hewa, kisiguse koili wala ukuta, ngoja dakika kumi, soma tena. Namba hizo mbili zikilingana au zikipishana kwa nyuzi 1 au 2, kiwanja chako hakina kosa. Ikiwa nyuma ni nyuzi 5 au zaidi juu ya barabarani, mashine yako inakula pumzi yake yenyewe: hewa ya moto inayotoka mbele inagonga ukuta, inazuiwa na mabati juu, inazunguka na kurudi nyuma. Katika kiwanja kilichofungwa namna hiyo nisingeshangaa ukasoma 42 au 43 wakati barabarani ni 34. Hakuna nozeli itakayoshinda hilo, kwa sababu mvuke wenyewe utanaswa humo ndani na kuzunguka pamoja na joto.

Dawa yake ni kufungua njia. Toa karatasi mbili za bati lililo juu ya mashine, au toboa ukuta ulio mbele ya feni na uweke matofali ya matundu. Kama haiwezekani, mwambie fundi aipandishe mashine juu ya ukuta ili feni itazame nje. Mabomba ya shaba yataongezwa, gesi itarekebishwa, ni kazi ya siku moja. Nyuma ya mashine iache angalau sentimita 20 hadi ukutani, na mbele isiwe na kizuizi kwa mita moja na zaidi. Ukihitaji kivuli, kiwekwe juu na mbali, kiache upepo upite. Kibanda cha bati kilichoikumbatia mashine ni kibaya kuliko jua lenyewe.

La pili ni kuosha koili. Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri kuhusu jirani yako. Anapoimwagia mashine maji na ikapona palepale, mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja: maji yanavukiza na kuondoa joto, hilo ni kweli, lakini pia yanaondoa vumbi. Mwisho wa kiangazi, koili ya nje ya Lubumbashi huwa imevaa blanketi. Ukiitazama kwa tochi kwa nyuma unaona vibati vyembamba vya alumini, vimepangwa kwa nafasi ya milimita moja na kitu, na katikati yake vumbi letu jekundu limejaza, limechanganyika na nyuzinyuzi, nywele, na kama kuna jakaranda karibu, maua yaliyokauka. Ukipitisha kidole linatoka kama zulia. Hewa inapita wapi hapo? Nimeona mashine ambazo mwenyewe alikuwa amekwisha kuambiwa kompresa imekufa, na zilihitaji ndoo tatu za maji tu.

Zima umeme kwenye kikata-umeme chake, usitegemee rimoti. Nyunyiza maji ya mpira kwa nguvu ya kawaida, kutoka juu kwenda chini, ukifuata vibati vilivyosimama, usivipige kwa ubavu. Mashine za kuoshea magari zisikaribie pale, zinavilaza vibati na ukiisha kuvilaza umeziba koili kwa mkono wako. Fundi akifungua mfuniko wa juu na kuosha kutoka ndani kuelekea nje, ni bora zaidi, maana vumbi linarudi njia lililoingilia. Endelea hadi maji yanayotoka chini yawe meupe. Wacha ikauke, washa. Fanya hivyo mwanzo wa mwezi wa nane, kisha mwezi wa tisa katikati, kisha kila wiki tatu mpaka mvua zishike. Vichujio vya mashine ya ndani navyo vioshwe kila wiki mbili. Hilo unalijua.

Na jambo moja ambalo ni gomvi langu la kila mwaka: fundi akija mchana wa joto, akaigusa mashine, akasema «gesi imepungua» na kuongeza kabla hajaosha koili, mzuie. Gesi haipungui kwa kutumika. Ikipungua imevuja, na anayesema imevuja akuonyeshe inapovujia. Ukiongeza gesi kwenye mashine ambayo presha yake tayari iko juu kwa sababu ya uchafu, unaisukuma karibu zaidi na kujizima. Kompresa nyingi hapa mjini zinauawa hivyo, na wenyewe wanalipia kifo chake.

La tatu ni duka lenyewe na umeme wake, na hapa nitapita haraka. Kama juu hakuna dari, bati linakumwagia joto kichwani kuanzia saa nne asubuhi. Dari ya kawaida, au hata bati lililopakwa rangi nyeupe kwa juu, litapunguza kazi ya klima kuliko kifaa chochote atakachokuuzia yule kijana. Mlango wa wateja uwe na pazia zito au plastiki za kuning'inia. Volti zako pia zipimwe saa ileile klima inapokata. Mashine nyingi za volti 220 zinavumilia kushuka kwa asilimia 10, yaani hadi 198. Chini ya hapo kompresa inavuta ampea nyingi, inapata moto kwa sababu yake yenyewe, na dalili zinafanana kabisa na zile za koili chafu. Hapo unahitaji stabilizateri (kifaa cha kutuliza volti) ya ukubwa unaofaa, maji hayatakusaidia kitu.

Ukishafanya hayo na bado saa nane mashine inahema, ndipo tuongee maji.

Kinachopoza si ubaridi wa maji. Ni kule kugeuka kwake kuwa mvuke, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa kwa kutoka jasho. Lita moja ya maji ikivukiza yote inaondoa joto la karibu kilowati-saa 0.67. Hicho ni kiasi kikubwa sana. Lita hiyohiyo ikipita tu kwenye koili na kupata moto kwa nyuzi 10 kabla ya kudondoka chini, joto iliyoondoa halifiki hata sehemu moja ya hamsini ya hapo. Kwa hiyo maji unayoyaona yakitiririka sakafuni ni maji yaliyopotea. Mafanikio ya kazi hii hupimwa kwa sakafu kavu.

Na hewa lazima iwe na nafasi ya kupokea mvuke. Chukua mchana mkavu wa mwezi wa kumi, kabla ya mvua: nyuzi 33, unyevunyevu asilimia 25. Hewa hiyo ukiilowesha hadi ishindwe kupokea zaidi, inashuka mpaka nyuzi 18 hivi. Una nyuzi 15 za kuchezea, na hata ukipata theluthi moja tu, ni nyuzi 5 nzima. Sasa chukua mchana wa mwezi wa kwanza: nyuzi 28, unyevunyevu asilimia 75. Hewa hiyo haishuki chini ya 24, na kwa kifaa cha kawaida utapata nyuzi 1 au 2. Ndiyo maana ndugu zetu wa Kinshasa wakijaribu wanasema ni uongo, na wa Kolwezi na Likasi wanasema ni kweli. Wote wanasema walichokiona.

Huhitaji kuamini namba zangu. Chukua kile kipimajoto chako, funga kitambaa chembamba kilicholowa kwenye ncha inayopima, kiweke nje kivulini mbele ya feni ya mezani, siyo ile ya mashine, dakika tano, soma. Kisha kisome kikiwa kikavu mahali palepale. Tofauti ikiwa nyuzi 10 au zaidi, siku hiyo maji yatafanya kazi. Ikiwa chini ya 6, funga bomba uende zako. Kipimo hiki hakidanganyi, na kinagharimu kitambaa kimoja.

Sasa hesabu ya mapato na matumizi. Mashine ya ukubwa wa kwako inapitisha kama mita za ujazo 1,900 za hewa kwa saa. Kuipoza hewa yote hiyo kwa nyuzi 5 kunataka karibu lita 4 za maji kwa saa, zikivukiza zote. Kuanzia saa saba hadi saa moja jioni ni lita 24, bidoni (dumu) moja ya kawaida na kidogo juu yake. Kwa nyuzi hizo 5 umeme wa kompresa unapungua asilimia 10 hadi 15, tuseme wati 110 hadi 165. Kwa saa sita hata kilowati-saa moja haijafika. Ikiwa maji yako unayanunua kwa bidoni na kubebewa hadi mlangoni, kama lengo ni kupunguza bili ya umeme ya SNEL, sikushauri. Bidoni ile ina kazi bora nyumbani.

Lakini wewe hukuuliza bili. Umeuliza dawa zitunzwe. Zile nyuzi 5 zinaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mashine inayokata kila nusu saa na mashine inayokwenda mfululizo, na kwa duka lenye dawa za kukaa chini ya 30, na nyingine chini ya 25, wiki sita au nane za namna hiyo kwa mwaka zina thamani yake. Kwako ninaona ni haki kujaribu, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni chokaa. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu yanatoka chini ya ardhi, kwenye miamba ya chokaa na dolomiti, yawe ya bomba la REGIDESO au ya foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa) ya jirani. Tazama ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe ndio ninaouzungumzia. Maji yakivukiza, madini hayapandi pamoja nayo, yanabaki. Tuseme lita moja ina miligramu 300 za madini. Lita 24 kwa siku zinaacha gramu 7, na kwa siku 60 zinafika gramu 400 na zaidi. Weka nusu ya hizo tu zigande kwenye koili. Nimezifungua mashine zilizonyunyiziwa maji ya foraji misimu kadhaa: kati ya vibati kuna jiwe jeupe gumu ambalo maji hayalitoi, na ukilikwangua kwa ukucha kibati chenyewe kinavunjika pamoja nalo, kimekuwa unga. Maana pale ambapo alumini imebana bomba la shaba, na kuna maji yenye chumvi daima, alumini inaliwa. Tindikali ya kuondolea chokaa inamalizia kilichobaki. Viwanda vikubwa vya barafu na vyumba vya baridi vinamwagia koili zao maji kila siku, kweli, lakini koili zile zimeundwa kwa kazi hiyo, maji yake yanatibiwa, na sehemu yake inamwagwa makusudi ili chumvi isirundikane. Mashine ya dukani haina hata kimoja cha hivyo.

Sharti la pili ni presha. Nozeli ili itoe ukungu mwembamba unaoisha hewani kabla haujagusa kitu, inataka pampu ya bar 70 hivi. Bomba letu siku njema lina bar 2 au 3, na tangi lililo juu ya mnara wa mita 6 linakupa bar 0.6 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni bar moja. Kwa presha hiyo nozeli za yule kijana zitatoa matone. Matone yatafika kwenye koili yakiwa bado maji. Tumekwisha kuona yanachokiacha.

Ninachokushauri badala yake ni gunia. Liwe la katani au la juti, siyo ile mifuko ya plastiki ya unga wa mahindi, hiyo hainywi maji. Lipasue lifunguke, litundike kwenye fremu ya mbao nyuma ya mashine na ubavu inapovuta hewa, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye koili, liwe pana kuliko koili yenyewe kila upande. Kama nyuma una sentimita 20 tu hadi ukutani, njia hii haina nafasi mpaka mashine ihamishwe, usilisogeze gunia karibu kwa kulazimisha. Juu yake weka bidoni kwenye rafu imara. Na hapa wewe una kitu ambacho wengine hawana: mipira ya serumu, ile ya dripu. Chukua mitatu iliyopita tarehe, tumbukiza ncha ndani ya bidoni, itawanye juu ya gunia, na kwa kile kigurudumu cha kubana urekebishe mtiririko mpaka gunia liwe limelowa lote na chini lisidondoke ila tone moja moja. Maji yatavukizia kwenye gunia, chokaa itabaki kwenye gunia, na koili itapokea hewa tu, iliyopoa. Gunia likikakamaa kwa chokaa baada ya wiki kadhaa, litupe uweke jingine. Kwa njia hii hata maji magumu ya foraji yanafaa.

Pima kati ya gunia na koili. Usitarajie zaidi ya nyuzi 3 hadi 5. Kisha weka mkono mbele ya feni: upepo ukiwa umedhoofika kuliko ulivyokuwa kabla hujatundika, gunia ni zito mno au liko karibu mno, lirudishe nyuma au chukua lililofumwa kwa kulegea zaidi. Feni hizi ndogo hazina nguvu ya kuvuta kupitia kitu kilichobana. Ukipoteza hewa kwa robo ili uipoze kwa nyuzi 3, umefanya biashara mbaya.

Labda utaniuliza kuhusu maji yanayodondoka kwenye bomba la mashine ya ndani. Ni masafi, hayana chokaa, na klima nyingi za dirishani zina pete kwenye feni inayoyachota na kuyarusha kwenye koili ya nyuma, kwa hiyo wazo hilo si geni. Ila mwezi wa kumi hewa yetu ni kavu kiasi kwamba bomba hilo halitoi kitu cha maana, na linapotiririka vizuri, mwezi wa kwanza, hewa imekwisha kushiba. Yakusanye kwa kupigia pasi.

Kuhusu usalama sitaki uwe na shaka yoyote. Mashine ya nje imetengenezwa ivumilie mvua, lakini mvua kwa kawaida haiji kwa ubavu wala kutoka chini. Ule upande wenye mfuniko wa nyaya usipate matone, na waya wa klima uwe na kikata-umeme kinachokata umeme unapovuja, cha miliamperi 30, pamoja na waya wa ardhini ulio hai kweli. Kama duka halina, hicho kinatangulia gunia. Bidoni ifunikwe, maji yasilale humo wala kwenye beseni chini: mbu hawahitaji zaidi ya wiki moja na kidogo, na hatuna haja ya kuzalisha malaria nyuma ya duka la dawa. Maji yaliyodondoka usiyarudishe kuzungushwa tena, maji ya uvuguvugu yanayozunguka siku nyingi yanafuga bakteria wa mapafu. Kila jioni mimina kilichobaki kwenye maua, acha gunia likauke usiku. Na wala usithubutu kunyunyiza ndani ya duka ili «kusaidia» klima. Unaipa kazi ya kukausha ulichokilowesha, na vidonge vyako vitavuta unyevu.

Mvua zikianza, gunia litolewe siku ileile. Kwanza hewa haina tena nafasi, pili gunia lenye unyevu wakati wote linaota ukungu na kuzuia upepo bure.

Yule kijana mwambie nozeli zake zinafaa bustanini. Nawe nitumie namba tatu: joto la barabarani, joto la nyuma ya mashine, na volti za saa nane mchana, pamoja na picha ya kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya nje, pale palipoandikwa aina ya gesi. Nikiziona nitakuambia kama inafaa kuihamisha mashine kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kwa sasa, dawa zinazotaka chini ya 25 zishushe rafu za chini kabisa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, hewa ya chini dukani mara nyingi ni baridi kuliko ya juu kwa nyuzi kadhaa.